Mikono ya Julai

Kajiado,
14 Julai 2025

Kwako Ciku,

Sisi huku tuko, tunasukumana na baridi. Upepo wa mwaka huu umebeba vumbi lote la Bisil ukatuletea. Ukianika shuka nyeupe asubuhi, jioni unaianua ikiwa nyekundu. Huyu mwanangu Gakuru alipiga simu kutoka Embulbul, anasema kazi imeshika na habari ya kuoa iko pale pale. Ng'ombe ni wanne, Karembo ana mimba, watatu wanakamuliwa, na tangu Gakuru ahame mkamuaji ni mimi peke yangu. Ninyi je? Mtoto ananyonya? Ule unga wa wimbi niliokuachia umepika uji ama umewapa majirani?

Sasa nije kwa lililonifanya nishike kalamu, kwa maana simu yangu umeifungia, na Gakuru amenieleza kufungiwa ni kitu gani. Gitonga wa pikapu ya maziwa atakuletea barua hii mpaka getini.

Jumamosi nilikuja Kitengela kumwosha mtoto. Sikuja kutembea. Nilikuwa nimekunja mikono ya sweta, maji nimeyapima kwa kiwiko, mtoto ametulia kabisa, ukatoka jikoni ukamnyakua kwenye beseni akiwa na sabuni kichwani. Mbele ya mama mkwe wako! Ukasema, "Tata, wacha. Mikono yako itamkwaruza." Halafu ukaniletea glavu. Glavu, Ciku, kama mtu anayeenda kuzalisha ng'ombe. Mama Ouma alikohoa akaangalia ukutani. Afadhali angecheka.

Dada yangu alipozikwa ulikuwa na miaka sita, na ni mimi niliyekuchukua. Nilikuosha kwa mikono hii hii mpaka ukajua kujiosha, na ngozi yako haikutoka. Leo umekuwa mtu wa kemisti, mikono imekuwa mibaya.

Nataka uniambie siku ya kurudi. Haiwezekani mtoto wa mtoto niliyemlea ashikwe na kila mtu isipokuwa mimi. Nimekata kucha.

Nimekuwekea lita tatu za maziwa na mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale ya chuchu za ng'ombe, umpake mtoto makalio. Wewe ulikua nayo.

Ni mimi mwenye mikono mibaya,
Tata Nyakio


Kitengela,
23 Julai 2025

Kwa Tata,

Pokea salamu zangu na za Ouma. Whitney alidungwa sindano ya wiki sita, akawa na homa siku moja, sasa yuko sawa. Ana kilo tano. Mama Ouma atakaa nasi mpaka mwisho wa mwaka. Maziwa tulikunywa. Mafuta ya ng'ombe nilimpa mlinzi wa ploti, anasema yanang'arisha viatu.

Kuhusu simu. Siku ile baada ya kuondoka kwako ulinipigia ukasema nimeolewa na watu wasiojua kuosha mtoto. Simu ilikuwa kwa spika kwa sababu nilikuwa nanyonyesha, na Mama Ouma alikuwa ameketi hapo hapo. Kwa hivyo nilikufungia na bado sijakufungulia.

Kuhusu mikono, sitabishana na wewe. Whitney alibaki na mkwaruzo shavuni, urefu wa njiti ya kiberiti, ukakaa siku nne. Mikono iliyopasuka hivyo, na inashika ng'ombe kila siku, hubeba uchafu ndani ya nyufa. Mtoto wa mwezi mmoja hana kinga. Haya ninayajua, ndiyo kazi yangu.

Nakutumia tyubu ya dawa. Fanya hivi. Osha mikono kwa maji ya uvuguvugu, sio yale ya tanki ya alfajiri. Sabuni ya unga usiishike bila glavu, hata kama glavu zinakukasirisha. Jipanguse bila kusugua, upake dawa ngozi ikiwa na unyevu bado, asubuhi na jioni, na ukienda kulala uvae soksi za pamba mikononi. Palipopasuka patawasha siku mbili tatu. Usipake mafuta taa. Usiyeyushie nta ya mshumaa kwenye nyufa, na usiniambie hufanyi hivyo, mimi ndiye nilikuwa nakushikia mshumaa.

Ukipona tutaongea habari ya kuja.

Ciku


Kajiado,
6 Agosti 2025

Ciku,

Salamu nitatoa kwa sababu nililelewa. Tuko wazima. Karembo amezaa ndama dume tena, huyo ng'ombe ananichukia. Mama wa kanisani wanakusalimia, wanauliza mtoto anafanana na nani, nimewaambia sijui, sijamwona vizuri.

Sasa hiyo dawa yako. Nilivaa miwani nikaisoma tyubu yote, mbele na nyuma. Mstari wa pili imeandikwa UREA. Nilidhani macho yamenidanganya, nikatoka nayo nje kwenye jua. UREA. Ciku, unajua urea ni nini ama kule kemisti wanauza tu bila kusoma? Mimi nimeweka urea kwa mahindi miaka thelathini. Ikigusa jani inalichoma. Ikimwagikia ng'ombe kwa chakula, anavimba tumbo anakufa ukimwangalia. Wewe mwenyewe ulikuwa unanibebea ndoo ya mbolea shambani, na nilikukataza kuishika kwa mkono mtupu. Halafu leo unanitumia niipake mahali pamepasuka, unaniambia "patawasha". Najua patawasha! Ungesema tu unataka vidole vyangu vikatike nisimguse mtoto wako tena.

Niliionyesha kwa mama wa kanisani Jumapili. Mmoja akasema tuombe.

Nimeitundika tyubu yako kwa msumari kwenye stoo, pamoja na dawa ya kupe.

Jirani yangu Naipanoi alinionea huruma. Alishika mkono wangu akasema, "Mama Gakuru, hii mkono iko kama ulimi ya ng'ombe. Paka eilata." Akaniletea chupa ya hayo mafuta ya mkia wa kondoo. Nikapaka siku nne. Mikono ililainika, nisikudanganye, lakini mbwa wa Naipanoi walinifuata mpaka kanisani, na siku ya tano Katee, yule anayenunua maziwa yangu huko kwenu, aliyarudisha yote. Alimwambia Gitonga, "Rudishia mama. Hii maziwa inanuka supu." Tangu nianze kuuza maziwa sijawahi kurudishiwa hata kikombe.

Basi nimerudi kwa mshumaa. Uko mbali, hutanishikia, najishikia.

Bado nangojea siku. Nilimtuma Gakuru akuulize kwa mdomo, akasema ulimpa chai ukaanza kuongea habari ya mpira. Tangu lini wewe unajua mpira?

Tata yako ambaye bado ana vidole kumi,
Nyakio


Kitengela,
20 Agosti 2025

Kwa Tata,

Hatujambo. Whitney ameanza kucheka, hasa akimwona Ouma. Pole kwa ndama.

Mbolea ni urea. Dawa pia ina urea. Ni kitu kimoja, na sio kitu kimoja. Kwenye tyubu ni sehemu kumi katika mia, imechanganywa na mafuta, na kazi yake ni kuvuta maji yakae kwenye ngozi. Hata ngozi yako mwenyewe inayo. Hata jasho. Chumvi ukiimwaga gunia zima shambani hakuna kitakachoota, na bado unaitia kwenye mboga. Ungeniuliza ningekueleza. Badala yake ulinitangaza kwa kanisa lote kama muuaji, na mama mmoja amempigia Ouma kumuuliza kama nyumbani kuna amani.

Kuhusu Katee na supu, kila mafuta utakayopaka kabla ya kukamua yataingia kwenye maziwa. Kamua kwanza. Osha vyombo. Halafu paka. Hilo halihitaji mtu wa kemisti.

Usinitumie Gakuru tena. Usinitumie pasta pia, alikuja Alhamisi akasoma Waefeso nusu saa. Hawa watu wanakuja wamekunja uso, wanakunywa chai yangu, wananiambia ninavyopaswa kukushukuru. Mimi nashukuru. Ulinilisha na ulinisomesha, sijawahi kumwambia mtu mwingine tofauti. Lakini kushukuru ni jambo moja na mtoto wangu ni jambo jingine.

Likizo yangu inaisha katikati ya Septemba. Whitney atabaki na Mama Ouma. Hilo tumeamua.

Siku sijaiweka. Mikono haijapona, au imepona?

Ciku


Kajiado,
16 Septemba 2025

Kwako Ciku,

Natumaini umerudi kazini salama na mkubwa wako hakusumbui. Huku baridi imepungua, upepo umebaki. Gakuru amepata msichana huko Embulbul, anaitwa Yvonne, sijamwona, nimeonyeshwa picha yake na nusu ya picha ilikuwa kivuli cha Gakuru.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Nitakueleza kazi gani.

Mbegu mpya ikija, sipandi shamba lote. Napanda mstari mmoja, na mstari wa pembeni nauacha na ile ya zamani, halafu naangalia. Sasa hiyo dawa yako niliitoa kwenye msumari, nikaipaka mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia nikauacha na mshumaa. Nikafuata ulivyosema, maji ya uvuguvugu, kukamua kwanza, na soksi. Soksi ni za Gakuru za shule. Siku ya kwanza iliwasha nikakutukana kwa sauti, Naipanoi akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Siku ya tatu ikaacha. Siku ya nane nyufa za kushoto zilikuwa zimefunga. Wa kulia ulikuwa ukitoa damu nikishika ndoo.

Nikaanza na wa kulia pia. Leo nimeshika kitambaa cha hariri cha Mama Pasta na hakikunasa hata uzi. Alishangaa. Nimewaambia kanisani kwamba urea ya kemisti ni nyingine, kwa hivyo jina lako limesafishwa, na mama watatu wanataka tyubu.

Sikushukuru. Nakupa habari tu.

Uliandika kwa mkono wako, "Ukipona tutaongea." Nimepona. Mama Ouma amemshika miezi mitatu, mlinzi wa ploti amemshika, na mimi nilimshika dakika tano. Nakuja Jumamosi ya tarehe 27, na pikapu ya Gitonga. Nisikute glavu mahali popote. Na kama ni Mama Ouma ndiye anakukataza, aniambie mwenyewe, nitamwuliza yeye alikuwa wapi ulipokuwa na surua.

Tata yako,
Nyakio


Kitengela,
24 Septemba 2025

Tata,

Usije.

Nimemwomba Gitonga akupe barua hii mkononi, asimwachie mtu.

Mama Ouma hajanikataza chochote. Yeye ndiye anayeniambia nikuite. Usimwingize.

Nilikutumia ile tyubu nikijua hutaitumia. Nakujua. Nilijua utabishana nayo mwaka mzima, Whitney awe anatembea, na mimi niwe na jambo la kusema kila ukiuliza. Nilisema ni nyufa kwa sababu nyufa zina dawa. Sasa umejitibu mstari kwa mstari na umepona, na sina pa kujificha.

Mikono yako ilikuwa inanipiga, Tata. Sio mara moja. Nikichelewa na maji, nikivunja kikombe, nikimlilia mama. Nikiwa darasa la tatu sikufunika kopo la maziwa, paka akanywa, ukanipiga mpaka paka mwenyewe akatoroka siku mbili. Kofi la Desemba lilikuwa linawaka halafu linaisha. La Julai lilikuwa linakwaruza, kwa sababu mikono yako ilikuwa imepasuka kwa baridi. Lilikuwa linaniachia mistari shavuni. Mwalimu Namalwa akaniuliza nimefanya nini usoni, nikamwambia ni michongoma ya ua. Kila Julai nilikuwa naanguka kwa michongoma. Sijui kama aliniamini.

Halafu jioni ulikuwa unaketi jikoni, unanipa mshumaa nikushikie ukiziba nyufa. Ukisema "ai, inauma", na mimi nilikuwa nakuonea huruma. Hiyo ndiyo sijawahi kuelewa mpaka leo.

Siku ile ya beseni nilitoka jikoni nikaona shavu la Whitney lina mstari. Najua ilikuwa bahati mbaya. Najua ulikuwa unamwosha vizuri kuliko mimi. Lakini mwili wangu haukungojea nifikirie. Nilimnyakua, na neno la kwanza nililopata ni mikono kupasuka, nikalishika hilo.

Sijui kama ungewahi kumpiga. Labda umezeeka, labda umebadilika. Shamba unaweza kujaribu mstari mmoja. Mimi niko na mtoto mmoja.

Nimekasirika, na nimechoka kuandika habari ya mafuta.

Ciku


Kajiado,
30 Oktoba 2025

Ciku,

Hapa ni wazima. Mvua ilinyesha Jumanne, kidogo. Nimewasalimu nyote, na Mama Ouma mumwambie nimemsalimu kwa jina.

Gitonga alinipa barua yako nikiwa nimeshapiga pasi rinda la kuja nalo. Nililirudisha kabatini. Nimeandika majibu matatu kabla ya hili. La kwanza lilikuwa kurasa sita, limejaa kila kitu nilichokufanyia, karo, surua, viatu, mpaka nikafika mahali pa kuandika kwamba sikukupiga. Hapo sikuweza kuendelea. La pili lilikuwa la matusi. La tatu nililitumia kuwasha moto kabla sijalimaliza.

Nilikupiga. Wakati huo kila mtu alikuwa anapiga, na nilitaka niandike hivyo nikanyamaza, kwa sababu hukuwa unapigwa na kila mtu. Ulikuwa unapigwa na mimi. Dada yangu alikuwa amekufa na wewe una sura yake, ukilia unalia kama yeye, na mimi sikuwa na mahali pa kuweka hilo. Hiyo sio sababu. Naiandika uijue tu.

Habari ya paka siikumbuki. Nimeketi jikoni siku nyingi nikiitafuta na siipati. Hilo ndilo limeniumiza kuliko yote uliyoandika. Wewe umebeba hata paka, na mimi sina habari. Mistari shavuni naikumbuka. Nilijua miiba ya michongoma ile ilikuwa juu ya kichwa chako, haingefika shavuni. Nilijua, na nikakata ua ule chini zaidi, usawa wa shavu lako, ili uongo wako usimame vizuri.

Bado nimekukasirikia. Ungeniambia mwaka ule ulioolewa, ungeniambia tukiwa wawili, sio beseni na mama mkwe na glavu. Umenipeleka mbio miezi mitatu na soksi mikononi kama mwehu. Hilo sijakusamehe, na siandiki ili unisamehe mimi.

Sitakuja. Sitamtuma Gakuru wala pasta, nimewaambia wote wafunge midomo. Ukiniita nitakuja nikae kwa kiti, nimwangalie tu, na Mama Ouma amshike. Usiponiita nitajua sababu, sitauliza tena.

Lakini Whitney atakua. Siku moja atasikia ana cucu, nyanya yake, huku Kajiado ambaye hakuwahi kumbeba, na atakuuliza kwa nini. Mwambie ukweli wote, na jina langu ulitaje. Usimwambie ilikuwa ni baridi.

Nyakio